Jina Nililompa Punda

Sehemu ya sita

Mlionisoma wiki iliyopita mtakumbuka nilipowaachia: nimesimama mlangoni kwa Mama Ashraf pale Newala, kamba ya punda mkononi, nimeoga mara mbili asubuhi moja.

Anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, karibu. Mikosi yangu haina foleni, unaweza kuingia popote.

Mimi ni Faruku wa Mkunya. Mjomba wangu, marehemu Mzee Nandonde, alikwenda Mikindani akarudi na punda jike mweupe wa mbegu ya Kimaskati, tena ana mimba. Watu walimcheka. Tangu mabomba ya maji yafike, nani anahitaji tena punda wa kupanda na madumu kutoka bondeni? Mjomba hakuwajibu. Punda akazaa mtamba, jike wa rangi ya majivu, na mjomba akaniachia mimi nimpe jina.

Laiti angempa yeye mwenyewe.

Wale punda wa maji waliokosa kazi tuliamua kuwakimbiza. Ikaanza kama mzaha, sasa kuna mbio kila wilaya na watu wanagombana. Mtamba wetu amekimbia Mkunya, Newala na Nanganga, na mara zote tatu amerudi wa kwanza. Mpandaji wake ni Pili, mtoto wa marehemu dada yangu, binti wa miaka ishirini, mwepesi wa mwili na mgumu wa kuambiwa.

Katikati ya ushindi huo mama wa mtamba aliumwa na nyoka akafa. Kisha mjomba naye akatutoka. Kwetu mali ya mjomba huenda kwa mtoto wa dada yake, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo wazee wakanikabidhi kamba ya punda na shamba la mikorosho. Binamu yangu Bwanali, ambaye mama yake ni dada mdogo wa mjomba na ambaye alikulia Tunduru, alisusa chakula cha arobaini. Mpaka leo akiniona anatema mate pembeni.

Halafu likaja suala la goti. Baada ya mbio za Nanganga goti la mbele la kulia lilivimba. Happiness, daktari wa mifugo wa Masasi, alilibonyeza akatikisa kichwa.

"Kaka Faruku, amebakiza mbio moja tu. Ukimpa ya pili unamlemaza. Mwache azae."

Azae na nani? Huku juu dume la Kimaskati ni moja tu, Sultani, naye ni wa Mama Ashraf. Jumatatu ijayo Sultani anateremshwa Mikindani moja kwa moja, ameuzwa huko, harudi. Na mtamba wangu yuko kwenye joto wiki hii. Anatafuna hewa, anapiga kwato, anazunguka kigingi mpaka kamba inaisha. Nami namzunguka yeye. Mikorosho yangu imetoa maua na bado sijaipuliza salfa, nikiamka nimeshasahau nilichoamkia.

Hapo sasa ndipo tulipo. Nimepiga hodi.

"Karibu! Nani?"

"Ni mimi Faruku, Mama Ashraf."

"Faruku wa kuhangaika?" Alicheka kabla hajafungua mlango.

Pili, niliyekuja naye, alimwamkia kwa heshima, akaitikiwa marahaba. Mama Ashraf, ambaye jina lake ni Kibibi, tuna umri mmoja na tumekulia mtaa mmoja Mkunya. Alimzunguka mtamba kimya. Akatazama meno, akapapasa kiuno, akalishika goti bovu kwa muda. Nyuma ya nyumba Sultani alishasikia harufu na alikuwa analia kiasi cha kuamsha Newala nzima.

"Mzuri," alisema. "Kiuno cha kuzaa anacho. Ila nyie watu wa Mkunya mna maneno mengi. Mimi miaka yote hii nilikuwa Mikindani namuuguza mama, sijamwona huyu akikimbia hata siku moja. Sultani wangu simpandishi kwa punda wa kusifiwa barazani."

"Jumamosi anakimbia Masasi."

"Nitakuwepo. Lori la kumshusha Sultani linatokea Masasi, kwa hiyo nitakuwa naye. Mtamba wako akikimbia kweli, Jumapili wanakutana. Na sitaki kitu kwako, Faruku. Nataka mbegu ya Sultani ibaki huku kabla hajaondoka."

Nilitaka kuruka. Nikajizuia, nikasema ahsante kama mtu mzima.

"Anaitwaje?" akauliza.

Swali hilo nililijua, nililiota, na bado lilinikuta mdomo wazi.

"Malaika," nikasema.

Pili aligeuza shingo akanitazama. Nilimkanyaga kidole cha mguu.

Sasa ngoja niwaambie jambo ambalo kwa sehemu tano zote nimelificha. Mhariri alinishauri nilifiche zaidi, lakini limenikaa kooni.

Kwetu mtoto ana jina la utotoni. Akienda jandoni au unyagoni anaingia nalo na analiacha huko huko. Anatoka na jina jipya, na lile la zamani halitajwi tena na mtu yeyote. Ukimwita mtu mzima jina lake la utotoni umemvua nguo hadharani. Wazee wanakaa, na mwenye jina ndiye anayetaja faini. Hakuna kupunguziwa.

Kibibi, kabla hajatoka unyagoni kuwa Kibibi, alikuwa anaitwa Mtupeni.

Na mtamba wangu anaitwa Mtupeni.

Msiseme ilitokea bahati mbaya. Nilijua. Mtamba alizaliwa Jumanne, na Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimemfuata Kibibi bombani kumwomba anioe, samahani, nimwoe. Naye alikuwa mjane, mimi mke wangu alishaniacha, mlisoma sehemu ya pili. Alicheka mpaka ndoo ikamwagika.

"Faruku, wewe hata ukikaa kwenye kiti mguu unacheza. Nitaolewa na wewe au na upepo?"

Wanawake wote pale bombani walicheka naye. Nikarudi nyumbani nimevimba. Siku mbili baadaye punda akazaa jike, mjomba akasema mpe jina, na mdomo wangu ukalitoa lile. Nilitaka niwe na Mtupeni wa kumwambia simama akasimama, twende akaenda. Ndiyo akili yangu ilivyokuwa, na sina mtu wa kumsingizia.

Mtauliza, miaka minne yote hakuna aliyemwambia? Nani angemwambia? Kumwambia ni lazima ulitaje jina, na ukilitaja faini ni yako. Watu wa umri wangu wanajua na wamecheka chini kwa chini. Mjomba alijua, akakaa wiki nzima hasemi nami. Vijana hawajui kitu, kwao ni jina la punda tu. Kibibi mwenyewe muda mfupi baadaye mama yake aliugua, akamfuata Mikindani.

Na sasa amerudi, na amesema Jumamosi atakuwepo.

Tulipoondoka pale kwake Pili hakunisubiri hata tufike barabarani.

"Mjomba, Malaika ndiyo nani?"

"Ndilo jina lake jipya."

"Tangu lini?"

"Tangu pale mlangoni."

"Mjomba, huyu hasogei bila jina lake. Wewe mwenyewe umenifundisha nimwinamie sikioni nimwite. Akisikia ndipo anafyatuka. Asiposikia anasimama kama amefika."

"Tuna siku tano. Mfundishe."

"Kwa nini lakini?"

"Pili, mimi ni mjomba wako. Nikikwambia usilitaje, usilitaje."

Laiti ningemweleza. Lakini kumweleza ningelazimika kumwambia ni jina la nani, na kwa nini nililiweka, na nisingeweza kumtazama usoni tena.

Siku tano tulimwita Malaika. Tulimwita asubuhi, tulimwita jioni, tulimwita na pumba mkononi. Mtamba alikula pumba akageuka kutazama kwingine. Siku ya nne nilichuchumaa mbele yake nikamwambia, "Malaika, mama, nakuomba." Akanipigia chafya usoni. Jirani yangu mmoja, mtu mzima, alikuwa anapita na baiskeli, akasimama kututazama, akaelewa, akaondoka mabega yakimtikisika.

Jumamosi tulimpakia kwenye lori la Kenta lililobeba magunia ya mihogo mikavu, tukateremka Masasi.

Uwanja ni ule wa mpira, mawe ya mlima Mtandi yako juu yenu mkikimbia. Watu walijaa. Vijana wa bodaboda wa Mkunya na Nanganga walikuwa wamejipanga upande mmoja na pikipiki zao, wanapuliza honi. Nilimtafuta kwanza Alfredi, mtangazaji, mwenye kipaza sauti cha betri.

"Alfredi, ndugu yangu, leo mtangaze kwa jina la Malaika."

Alfredi ni wa Mkunya, mtu wa umri wangu. Alinitazama, akatazama viti vya mbele alikokaa Mama Ashraf na baibui lake na mkoba magotini, akarudi kunitazama.

"Umejitakia, Faruku."

"Najua. Nisaidie."

"Mimi nitasema Malaika. Lakini hao," akaonyesha bodaboda, "hao utawaziba midomo na nini?"

Nilizunguka nikawaambia mmoja mmoja, jamani leo anaitwa Malaika. Walinicheka, wakasema mzee umeokoka? Mmoja akasema sawa mzee Malaika, na nikajiona nimeshinda.

Bwanali naye alikuwepo. Alikuwa ameegemea goli, mikono mifukoni, anatafuna muwa. Aliponiona akatema makapi pembeni.

Punda saba walipangwa. Mizunguko mitatu. Alfredi akawatangaza, na kweli akasema, "Namba nne, kutoka Mkunya, Malaika, mpandaji Pili!" Bodaboda wakaguna. Mama Ashraf alisogea mbele ya kiti chake. Sultani alikuwa amefungwa nyuma ya lori, karibu na goli la pili, anachimba ardhi.

Kitambaa kikashuka.

Punda sita wakaondoka. Wa kwangu akabaki.

"Malaika, twende!" Pili akamwambia. "Malaika! Malaika!"

Mtamba alikuwa anamtazama Sultani. Akatafuna hewa. Kisha akaanza kutembea taratibu, mwendo wa kwenda dukani kununua chumvi. Uwanja mzima ukacheka. Wenzake walikuwa wamefika kona ya tatu naye hajafika ya kwanza.

Nilimtazama Mama Ashraf. Alikuwa ameegemea nyuma, anafunga mkoba wake.

Pili alinitafuta kwa macho kando ya uwanja. Nikatikisa kichwa: hapana. Akafungua mikono, kama anauliza sasa nifanyeje. Nikatikisa tena. Ndani ya moyo, wasomaji wangu, kuna sehemu ilikuwa inasema mwite, mwite basi, mwite!

"Binamu!" Bwanali alipaza sauti kutoka golini. "Huyo ndiye punda wa mjomba? Si ungenipa mimi nikabebee kuni!"

Pili alimsikia. Niliona uso wake ulivyobadilika. Alilala juu ya shingo ya mtamba, akaweka mdomo sikioni, na sauti yake ikafika mpaka viti vya mbele.

"Mtupeni!"

Mtamba alifyatuka.

Sijawahi kumwona akikimbia vile, na nimemwona akikimbia mara zote. Masikio yalilala, tumbo likashuka chini. Akamaliza mzunguko wa pili ameshawapita wanne, na wale vijana wa bodaboda wakasahau kila nilichowaomba. "Mtupeni! Mtupeni! Mtupeni!" Honi zikafuata. Watu wa Masasi nao, wasiojua hili wala lile, wakadaka. Uwanja wote ukawa unalia jina moja.

Ajuza mmoja wa kwetu alimpiga kofi kijana aliyekuwa mbele yake. "Ntoto wewe, nyamaza! Nyamaza!" Kijana hakumwelewa.

Mtamba alimaliza wa kwanza kwa shingo moja. Alivuka kamba, akatembea hatua kumi, akasimama akiwa ameinua mguu wa mbele wa kulia.

Happiness alikuwa wa kwanza kumfikia. Alilipapasa lile goti, akanitazama.

"Amemaliza, kaka Faruku. Hakimbii tena huyu. Sasa ni kuzaa, au utamfuga wa kutazama tu."

Mama Ashraf alikuwa amesimama. Alikuwa anakuja kwa miguu katikati ya uwanja, na kila alipopita watu wazima walinyamaza, mpaka ikabaki midomo ya vijana peke yake, nao wakaanza kuona haya bila kujua ni ya nini.

"Nani ameita?" akauliza.

Pili alishuka. "Shikamoo mama. Mimi."

"Marahaba. Unajua umeita nini?"

"Nimemwita punda, mama. Ndilo jina lake."

Alfredi alimvuta Pili pembeni akamnong'oneza. Nilimwona mtoto wa dada yangu akiziba mdomo kwa mikono miwili. Akapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Nisamehe mama. Sikujua. Wallahi sikujua."

Bwanali alishafika, ngozi ya muwa mkononi. "Sheria ni ya mdomo uliosema," akatangaza. Alikulia Tunduru lakini hilo analijua. "Pili ndiye atakayelipa."

Mama Ashraf alimtazama Pili. Machozi yalikuwa yanamshuka binti naye hakuyafuta.

"Wewe mtoto," alisema. "Hukujua. Nitakutoza kuku mmoja mweupe, yaishe."

Alfredi alinisogelea sikioni. "Nyamaza, Faruku. Kuku mmoja, halafu kesho Sultani anapanda. Nyamaza tu."

Na mimi nikanyamaza.

Nimeandika mengi ya aibu katika gazeti hili, lakini hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilisimama nikamwangalia mpwa wangu kapiga magoti kwa kosa langu, na kichwani nilikuwa naona mtoto mweupe wa Sultani anakimbia. Nilihesabu pumzi tano, sita, saba.

Kisha Pili akasema, "Mama, mimi sitapanda punda tena maisha yangu."

Alisema polepole, na nilijua anamaanisha. Binti ambaye hajui raha nyingine duniani.

"Mama Ashraf," nikasema. "Mwinue. Jina nililitoa mimi."

"Nilijua ni punda wako. Nimesema yaishe."

"Hayawezi kuisha. Nilijua jina ni lako. Nilimpa kwa makusudi, baada ya yale ya bombani. Siku tano hizi nimekuwa nikilificha ili unipe Sultani. Huyu mtoto nilimkataza kulitaja na sikumwambia kwa nini."

Alfredi alishika kichwa. Pili aliinuka mwenyewe, akanitazama, na sikuweza kuyastahimili macho yale.

Mama Ashraf hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga.

"Faruku, mama yangu alizika wanne kabla yangu. Wanne. Mimi nilipozaliwa alinibeba akanilaza jalalani, akaondoka, akarudi akaniokota kama takataka ya mtu mwingine, ndipo akanipa jina lile. Alitaka kifo kinione sina thamani, kinipite. Siku natoka unyagoni alicheza ngoma mpaka akaanguka. Alisema, jina halina kazi tena, mwanangu amepona. Mama nimemzika mwezi wa tano. Leo nimekuja kuangalia punda, nasikia uwanja mzima unasema mwanawe atupwe."

Nilitaka ardhi inimeze. Naandika hivi na bado naitaka.

"Taja faini," nikamwambia. "Chochote. Mchukue mtamba mwenyewe."

"Nikimchukua, uzao wa mjomba wako umeishia kwangu. Simtaki. Mtamba hana kosa. Kesho Sultani atampanda, kama nilivyoahidi."

Nilifungua mdomo nimshukuru.

"Sijamaliza," akasema. "Mtoto atakayezaliwa atapewa jina lako. Lile uliloliacha jandoni. Atakua nalo, atakimbia nalo, na watu watalipigia kelele Mkunya, Newala, Nanganga na hapa Masasi. Na wewe ndiye utakayelitaja, sasa hivi, kwenye hicho kipaza sauti. Maana mimi sina ruhusa ya kulitaja."

Watu wazima waliguna. Mmoja wa wazee wa Mkunya akasema, "Mama Ashraf, mwanangu, hilo zito."

"Langu lilikuwa jepesi?"

Mzee akarudi nyuma hatua moja.

Bwanali alianza kucheka. "Taja bwana! Ni jina tu! Ulikuwa unaitwa Kojozi nini?" Vijana wakacheka naye. Yeye hajui, alikulia Tunduru. Laiti angejua angecheka kwa sababu nyingine.

Ngoja niwaambie kabla sijawafikisha kwenye kipaza sauti.

Mimi nilifika Mkunya nimefungwa mgongoni mwa mwanamke aliyekuwa anakimbia vita ng'ambo ya Ruvuma. Alilala nyumbani kwa dada wa Mzee Nandonde siku mbili, ya tatu akafa kwa homa. Jina lake hakuna aliyewahi kuliuliza. Dada huyo wa Nandonde alikuwa ananyonyesha mtoto wa kike, huyo ambaye baadaye alimzaa Pili, akanipa mimi titi la pili. Watu wakaniita kwa jinsi nilivyokuja.

Nilipofika umri wa jando wazee waliniingiza kwa ukoo wa Nandonde. Nikatoka Faruku, mtoto wa dada yake Nandonde, na habari ikaishia porini. Wazee wanajua na hawajawahi kunitazama vibaya hata siku moja. Ndio hao hao walionikabidhi kamba. Mjomba hakunifanya mgeni hata mara moja, alinipiga fimbo kama mpwa na akanipenda kama mpwa.

Lakini Pili hajui. Dada yangu alikufa hajamwambia. Na Bwanali hajui kwamba kati yetu wawili, yeye ndiye aliyetoka katika tumbo la ukoo ule.

Mama Ashraf anajua. Tumekua pamoja. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya udi kwenye baibui lake, akasema kwa sauti ya chini, "Najua unachokiogopa. Hata mimi nilikuwa nakiogopa cha kwangu, Faruku. Ukikataa, nitapakia Sultani leo hii na nitakusamehe. Sitakudai kitu tena. Ni wewe."

Mtamba alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, jasho linamtoka, anamtazama Sultani kule kwenye lori. Jumatatu lori lile halitakuwepo, na nyuma yake hakuna mwingine.

Nikamwambia Alfredi, "Lete."

"Faruku..."

"Lete hicho kitu."

Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Kilipiga mluzi nilipokisogeza mdomoni, watu wakaziba masikio. Nilitazama wazee wa kwetu. Wote walikuwa wameinamisha vichwa.

"Mimi Faruku," nikasema, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye mawe ya Mtandi. "Kabla ya jando nilikuwa naitwa Mgeni."

Hakuna aliyecheka. Vijana wa bodaboda walisubiri, wakatazamana, hawakuona cha kuchekea. Mama Ashraf alifumba macho. Sultani alilia mara moja akanyamaza.

Pili alikuwa ameshika kamba ya mtamba. Alikunja uso kama mtu anayepiga hesabu, akaja mpaka mbele yangu.

"Mjomba," akasema, "kwa nini walikuita hivyo, na wewe umezaliwa nyumbani?"

Nilishusha kipaza sauti. Nyuma yake Bwanali alikuwa ameacha kucheka. Alitupa ngozi ya muwa, akasogea taratibu, akaweka mkono wake kwenye kamba ya punda, juu ya mkono wa Pili.

"Mjibu mtoto," akasema.